NGOMBE WA NYAMA WA UKOO SAFI: HISTORIA YA MALISHO NA UCHUNGAJI WAO KATIKA INCHI YA KATANGA



Katika kitabu cha yubile ni desturi kuandika majina ya mapadri waliotutangulia, mwaka wa kujengwa kwa kanisa, na hesabu ya wabatizwa. Hayo yote wenzetu wameyaandika katika kurasa nyingine. Sisi tumeombwa kuandika juu ya ngombe. Sababu ya ombi hilo inajulikana. Baraza la paroisi limeazimia kwamba ukumbusho wa yubile hii usiwe jiwe tu, bali uwe kundi dogo la ngombe wa nyama, majike kumi na dume mmoja wa ukoo safi, litakalotunzwa kwa faida ya shule, ya wagonjwa na ya maskini. Tangu siku ile watu wamegawanyika. Wengine wanataka dume wa Ulaya mwenye mapaja makubwa, kama walivyomwona katika picha. Wengine wanasema ngombe wa wazazi wetu wanatosha. Wengine tena wanasema kwamba ngombe wa ukoo safi walikwisha kuletwa zamani na kompanyi, nao wakafa ao wakaliwa, wala hakikubaki kitu ila mifupa.

Hatukupewa ruhusa ya kukata shauri hilo, wala hatuitafuti. Lakini mtu asiyejua yaliyopita hununua mara mbili kosa lile lile. Kwa hiyo tutaeleza kwanza maana ya ukoo safi, kisha namna ngombe walivyoingia Katanga, kisha malisho yao, uongozi wa kundi, na mwisho mambo yaliyoharibu makundi makubwa ya zamani. Kila mmoja atajionea mwenyewe.

I. MAANA YA UKOO SAFI

Wale waliosoma Kilatini kidogo wanakumbuka kwamba neno «pecunia», maana yake fedha, limetoka katika neno «pecus», maana yake mifugo. Hata neno la Kifaransa «cheptel», linalotaja mali ya mifugo, lina asili moja na neno la Kilatini lenye maana ya kichwa, kwa sababu ngombe walihesabiwa kwa vichwa. Waroma wa kale walikuwa watu wa shamba. Varro aliandika juu ya mifugo. Columella alianza kitabu cha 6 cha kazi yake juu ya kilimo kwa habari za ngombe. Na Virgilio mwenyewe alitoa kitabu cha 3 cha Georgica kwa ufugaji. Wote watatu walijua jambo moja: anayetaka ndama wema, achague wazazi.

Lakini kuchagua ni jambo moja, na kuandika ni jambo lingine. Katika Uingereza, mkulima mmoja jina lake Robert Bakewell (1725–1795), wa kijiji cha Dishley, alitenga madume na majike, akaamua yeye mwenyewe ni nani ataoana na nani, akaoanisha hata ndugu wa karibu ili sura na tabia alizozitaka zipate kudumu. Baada yake watu walianza kuandika. Mwaka wa 1822 George Coates alitoa kitabu cha ukoo cha ngombe wanaoitwa Shorthorn, nacho ni cha kwanza kwa ngombe wote. Wenye Hereford walipata kitabu chao mwaka wa 1846, na katika Ufaransa wenye Charolais mwaka wa 1864.

Basi ukoo safi ni nini? Si damu isiyopata kuchanganyika tangu siku za Noe, kwa sababu damu ya namna hiyo haiko. Ukoo safi ni ukoo ulioandikwa. Kitabu cha ukoo ni kama kitabu cha ubatizo kilicho katika ofisi ya paroisi: ndani yake mna jina, siku ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Mtu akija kuomba ndoa, padri hafungui macho yake kutazama sura yake, anafungua kitabu. Vivyo hivyo mfugaji mwenye kundi safi hatazami rangi tu; anafungua daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ngombe neno hilo ni kweli kuliko kwa mali nyingine yoyote. Ngombe akifa, hasara ni ya kichwa kimoja. Daftari likichomwa, kundi zima linarudi kuwa ngombe wasio na jina, hata kama wangali hai.

II. NAMNA NGOMBE WALIVYOINGIA KATANGA

Inchi za Kivu na Ituri zilikuwa na ngombe tangu zamani. Washi na Wahema ni mashahidi. Lakini sehemu kubwa ya Katanga haikuwa inchi ya ngombe. Sababu yake ni nzi aitwaye mbungo, ndiye tsetse, akaaye katika misitu ya miombo na kando ya mito. Mwaka wa 1895, katika Zululand, munganga David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa wa ngombe uitwao nagana unatoka kwa kijidudu cha damu kinachochukuliwa na nzi huyo. Wakubwa wetu walikuwa wakijua pasipo darubini kwamba ngombe akipitishwa katika mabonde fulani hukonda na kufa.

Pigo lingine lilitoka mbali. Karibu na mwaka wa 1887 sotoka, tauni ya ngombe, iliingia Afrika kwa bandari ya Massawa. Ikashuka kusini, ikapita inchi za maziwa makubwa, ikavuka mto Zambezi mwaka wa 1896. Fasi nyingi ngombe tisa katika kumi walikufa, na njaa ikafuata. Tauni hiyo haiko tena duniani: mwaka wa 2011 mataifa yalitangaza kwamba imekwisha kabisa. Tunaandika hayo ili vijana wajue kwamba ugonjwa wa ngombe unaweza kushindwa, pakiwa na uvumilivu na kazi ya pamoja.

Kilicholeta ngombe wengi Katanga ni mugodi na reli. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Gari la moshi likitoka kusini lilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Wafanyakazi wa shaba walihitaji nyama. Kwanza ngombe walinunuliwa katika inchi ya Barotse, iliyo leo sehemu ya Zambia, wakaletwa kwa miguu na kwa reli. Lakini mwaka wa 1915 homa ya mapafu ya ngombe ilizuka huko Barotse, na njia ile ikafungwa. Mji wenye watu wengi na pasipo nyama ni mji wenye fujo. Hapo wenye mali wakaanza kufikiri kufuga ngombe hapa hapa. Katika miaka ya 1920 kompanyi za ufugaji zikainuka. Iliyojulikana zaidi ni Elakat, iliyoundwa mwaka wa 1925.

Tuangalie fasi walizozichagua: inchi za juu. Kule Biano, reli inakopita kuelekea Bukama, kule Kundelungu, kule Marungu upande wa Pepa, juu ya ziwa Tanganyika. Huko kuna baridi ya usiku, majani ni mengi, miti ni haba, na mbungo hapendi kukaa. Hawakuanza kwa kuuliza: tutaleta ngombe gani? Walianza kwa kuuliza: ngombe atakaa wapi? Hilo ni fundisho la kwanza.

III. AFRIKANDER NA NDUGU ZAKE

Kati ya ngombe waliopelekwa katika mashamba hayo, alikuwako yule aitwaye Afrikander. Asili yake si Ulaya. Ni ngombe wa Wakhoikhoi, wachungaji wa kale wa Afrika ya Kusini, ambao Waholanzi waliwakuta na makundi yao walipojenga kituo chao huko Cape mwaka wa 1652. Rangi yake ni nyekundu, pembe zake ni ndefu zilizolala upande, nundu yake iko mbele ya mabega, ngozi yake imelegea na manyoya yake ni mafupi yenye kung'aa. Ndiye aliyevuta magari ya Maburu katika safari zao za karne ya 19. Sotoka ya 1896, na kisha vita ya Waingereza na Maburu (1899–1902), karibu vimmalize. Waliobaki wakakusanywa, na mwaka wa 1912 wafugaji wakaunda chama cha kumwandika na kumhifadhi.

Sifa zake zinajulikana. Anastahimili jua, anatembea mbali kutafuta maji, kupe hawamshindi upesi, na nyama yake ni nzuri. Lakini tusifiche upungufu wake. Wafugaji walipopenda mno rangi moja na sura moja kwa ajili ya maonyesho, walisahau kutazama uzazi. Na majike wengi wa ukoo huo walikawia kuzaa mara ya pili. Bwana Jan Bonsma, mtaalamu katika kituo cha Mara, Afrika ya Kusini, alianza mwaka wa 1937 kazi ya kumchanganya na ngombe wa Uingereza, Hereford na Shorthorn. Alipima joto la miili yao, akatazama manyoya yao. Akaona kwamba ngombe wa Uingereza wenye manyoya marefu kama sufu walihema na kukonda wakati wa joto, na ndama wao walikufa kwa wingi. Wenye manyoya laini walinenepa. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana ukoo mpya, Bonsmara, wenye sehemu 5 za Afrikander na sehemu 3 za Uingereza katika 8. Chama chake kiliundwa mwaka wa 1964. Kwa hiyo hata «ukoo safi» unaweza kuanzishwa na watu, pakiwa na kipimo, daftari na subira.

Ndugu mwingine wa kutajwa ni N'Dama. Jina lake linafanana na neno letu «ndama», lakini ni jina la huko Guinea, kwenye milima ya Fouta Djallon. Ni ngombe mfupi, hana nundu, na tangu vizazi vingi amezoea kuishi na ugonjwa wa mbungo pasipo kufa upesi. Aliletwa Kongo wakati wa ukoloni, hasa Bas-Congo na katika inchi nyingine za chini. Yule anayekaa bondeni penye mbungo asimcheke kwa sababu ya ufupi wake. Ngombe mfupi aliye hai ana nyama nyingi kuliko ngombe mkubwa aliyezikwa.

Na yule wa mapaja makubwa? Ni Blanc-Bleu wa Ubeljiji. Unene wake hautoki katika chakula tu. Unatoka katika kasoro ya urithi inayoondoa kizuizi cha nyama kukua, na wataalamu waliitambua wazi mwaka wa 1997. Katika kwao, karibu ndama wote wa ukoo huo safi hutolewa kwa kupasuliwa mama yao, na munganga wa mifugo yuko karibu na simu yake. Kwetu munganga wa mifugo yuko umbali gani? Swali hilo tunawaachia wasomaji.

IV. MALISHO

Mgeni anayepita Katanga mwezi wa pili huona majani yenye urefu kupita mtu, naye husema: hapa ngombe hawawezi kuona njaa. Arudi mwezi wa nane. Majani ni yale yale, lakini yamekuwa miti mikavu. Ngombe ana tumbo la kwanza kubwa, ambalo ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho humsaidia kuvunja majani. Vijidudu hivyo vinahitaji chakula chao, ndicho protini. Ikipungua chini ya sehemu 7 hivi katika 100 za majani makavu, vijidudu hulegea, tumbo halishuki, na ngombe hupunguza kula hata akisimama katikati ya majani. Anakufa njaa na tumbo limejaa.

Wafugaji wa zamani walijibu shida hiyo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kugawanya malisho. Sehemu moja ililiwa wakati wa masika, sehemu nyingine iliachwa, na mabonde yenye unyevu yakahifadhiwa kwa mwisho wa kiangazi. Ya pili ni moto wenye utaratibu. Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yangali na unyevu kidogo, hupita upole na kuleta machipukizi mabondeni. Moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali, huua miti na kuacha udongo uchi mbele ya mvua ya kwanza. Tena machipukizi hayaliwi siku ile yale yanapotokea, kwa maana mizizi ingechoka na kufa. Ya tatu ni kuongeza chakula: majani yaliyokatwa na kukaushwa mwezi wa tatu na wa nne, pumba, mashudu ya karanga ao ya pamba, mabua ya mahindi.

Tufanye hesabu ya kundi letu. Jike wa kilo 400 hula kwa siku karibu kilo 10 za majani, tukiyahesabu makavu. Dume wa kilo 600 hula karibu 15. Majike kumi na dume mmoja ni kilo 115 kwa siku. Tangu mwezi wa tano hata mwisho wa mwezi wa tisa ni siku 150 na zaidi kidogo: jumla inapita tani 17. Maji yao, kwa litri 45 kwa kichwa, ni karibu litri 500 kila siku. Na tukihesabu hekta 5 za majani ya asili kwa kichwa, ardhi inayotakiwa inapita hekta 50, pasipo kuhesabu ndama. Baraza litazame kama ardhi hiyo iko, na ni nani mwenye haki juu yake, kabla ya kutazama dume.

Kuna jambo lingine linalotukia hapa kwetu, nalo watu hulicheka: ngombe wanaotafuna mifupa. Si uchawi wala wazimu. Tangu mwaka wa 1919, katika shamba la Armoedsvlakte karibu na Vryburg, Afrika ya Kusini, Sir Arnold Theiler, munganga wa mifugo mwenye asili ya Uswisi, alichunguza ugonjwa wa kulegea viungo uitwao lamsiekte, uliokuwa ukiua ngombe wengi sana. Aliona kwamba udongo wa pale umekosa fosforo, majani yakaikosa, ngombe wakaitafuta katika mifupa ya nyama zilizokufa porini, na ndani ya mabaki yale mlikuwa na sumu iletwayo na mikrobi ya botulismu. Ngombe hakufa kwa mfupa. Alikufa kwa sumu iliyokuwamo. Walipopewa unga wa mifupa uliotengenezwa vizuri, waliacha kutafuna mifupa, wakanenepa, wakazaa.

Siku hizi, tangu ugonjwa wa ubongo wa ngombe ulipotambuliwa Uingereza mwaka wa 1986, inchi nyingi zimekataza kuwapa ngombe unga wa mifupa ya ngombe wenzao, na fosforo hutolewa kwa chumvi za madini zinazouzwa tayari. Kanuni haikubadilika: chumvi ya kulamba iwe daima chini ya paa, mahali pakavu. Wengine huongeza urea, ile mbolea nyeupe, ili kulisha vijidudu vya tumbo. Ni msaada wa kweli penye majani makavu mengi, lakini ni hatari. Ianzwe kidogo kidogo kwa majuma mawili ao matatu. Na mvua ikiingia katika chombo, ngombe akanywa maji yale, anakufa siku ile ile.

V. UONGOZI WA KUNDI

Adui wa kila siku ni kupe. Mwaka wa 1901 na 1902, ngombe walionunuliwa pwani ya Afrika ya Mashariki walipelekwa kwa meli hata Beira, nao wakaingiza kusini ugonjwa uitwao ndigana kali. Mwaka wa 1904 ilithibitishwa kwamba unachukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Hapo ndipo kulipoenea desturi ya kuwaogesha ngombe katika shimo refu lenye dawa, kwanza dawa ya arseniki, kila siku 3 ao 5 mahali penye hatari kubwa. Desturi hiyo ilifuatwa na mashamba ya Katanga vilevile. Dawa zimebadilika, lakini shimo pasipo ratiba ni kisima tu. Wenye kundi dogo waweza kutumia pompa ya mkono, mradi wasisahau masikio na chini ya mkia.

Juu ya uzazi, wafugaji wa zamani walifuata kanuni chache ambazo hazijazeeka. Dume mmoja mzima anatosha majike 25 hivi. Mimba ni miezi tisa na siku kadhaa. Jike asiyeshika mimba hurudi katika joto baada ya siku 21. Kwa hiyo dume aliyewekwa na majike siku 90 amepata nafasi nne kwa kila mmoja, na asiyeshika mimba anajulikana. Siku hizo zipangwe ili ndama wazaliwe karibu na mvua za kwanza, mama apate majani mabichi wakati anaponyonyesha. Ndama huachishwa maziwa kwa miezi saba ao minane. Mitamba wasipandwe kabla ya kufikia karibu miaka miwili na uzito wa kutosha.

Hatari ya kundi dogo ni damu ya karibu. Dume akimpanda binti yake, ndama wao ana kipimo cha undugu cha 25 kwa 100. Ndugu wa baba mmoja wakipandana, ni 12 na nusu. Kwanza mtu haoni kitu. Kisha majike hukawia kushika mimba, ndama huzaliwa wadogo, na watu hutafuta mchawi. Dawa yake ni rahisi: dume asikae zaidi ya miaka miwili na nusu ao mitatu katika kundi moja, kisha abadilishwe na dume wa paroisi jirani. Lakini bila daftari, nani atajua binti wa nani ni yupi?

Mwisho wa yote ni kuondoa. Kundi safi halitunzwi kwa kupenda kila mmoja. Jike asiyezaa miaka miwili mfululizo, dume mkali, ndama mwenye kasoro: hao wauzwe ao wachinjwe. Kwetu hilo ni gumu, kwa sababu ngombe ni heshima, na siku ya ndoa ao ya kilio watu huja kuomba yule aliyenona. Hivyo aliyenona huondoka na aliyekonda hubaki kuzaa. Kidogo kidogo kundi lote huwa la waliokonda. Kompanyi zilifanya kinyume chake: ziliuza wabaya, zikabakiza wema. Siri yao kubwa ilikuwa ndiyo hiyo.

VI. YALIYOHARIBIKA

Lazima kusema pia kwamba makundi yale hayakuwa paradiso. Yalikaa juu ya ardhi ya vijiji, na mara nyingi wenyeji hawakuulizwa. Nyama ilikwenda migodini. Katika makaratasi yaliyochapwa, majina ya wakurugenzi ni mengi, na majina ya wachungaji ni haba. Lakini ni wachungaji waliojua ngombe gani ni binti wa nani, kisima gani hukauka kwanza, na bonde gani lina mbungo. Elimu hiyo waliibeba kichwani, na wengi wameondoka nayo kaburini.

Kisha yakaja mambo tunayoyajua. Baada ya uhuru wa 1960 na vita vya kujitenga kwa Katanga, vilivyokwisha mwezi wa kwanza wa 1963, mashamba mengi yalitikisika. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa siasa ya kuwapa wananchi mali za wageni. Neno lilikuwa zuri masikioni. Lakini mara nyingi shamba lilipewa mtu wa mjini asiyejua ngombe, naye akahesabu vichwa kama franga zilizo tayari mfukoni. Uporaji wa 1991 na 1993, na vita vya 1996 na 1998, vikamaliza mengi yaliyobaki. Kule Masisi, katika Kivu, makundi makubwa yaliyokuwa sifa ya inchi yaliangamizwa katika miaka ile.

Tuchunguze vizuri: ni kitu gani kilichoua makundi? Risasi zilifanya sehemu yake. Lakini tayari kabla ya risasi, chumvi ilikuwa imekosekana, shimo la dawa limekauka, daftari limeachwa, na dume bora amechinjwa kwa karamu ya mkubwa. Ngombe wa ukoo safi hafi siku moja. Anakufa kwa mambo madogo manne ao matano, ambayo kila moja lingaliweza kuzuiwa.

VII. MANENO YA KUMALIZIA

Tumesema kwamba hatutakata shauri. Lakini historia yenyewe inaonyesha utaratibu, nao ni huu. Kwanza ardhi na maji, vilivyopatana na chefu na watu wa kijiji kwa maandishi. Pili majani ya kiangazi na nyumba ya chumvi. Tatu shimo la dawa ao pompa, na fedha za dawa za mwaka mzima zimewekwa pembeni. Nne daftari, moja katika ofisi ya paroisi na nakala yake mahali pengine. Tano mchungaji anayelipwa mshahara wake kila mwezi, na jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya jina la dume. Baada ya hayo matano, na si kabla, dume anunuliwe. Majike wa inchi yetu wanafaa kuanzia. Kwa dume wa ukoo unaojua jua letu, watoto wao na wajukuu wao watapanda daraja kwa daraja.

Ndugu zetu vijana mnaosoma hesabu na uganga wa mifugo, kazi hii inawangoja. Wazee wetu mliochunga katika mashamba yale, wangali wako wachache kati yenu: tunawaomba mje ofisini siku za juma, tuandike mnayoyajua. Karatasi iko, kalamu iko, na sisi tutakuwa pale.